Jokofu si rejeta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya ukurasa wa teknolojia iliyotoka wiki mbili zilizopita, ile iliyowashauri vijana wanaocheza michezo mizito ya kompyuta namna ya kuzuia laptopu zao zisipate joto. Mwandishi alitoa ushauri wa aina tatu. Kwanza, wazazi wapige marufuku michezo hiyo kwa kuwa ndiyo inayoua mashine. Pili, asiyeweza kuacha anunue stendi yenye feni. Tatu, mwenye haraka aiweke laptopu ndani ya jokofu kwa dakika 10 kabla ya kuanza kucheza. La kwanza si kweli, la pili ni nusu ya ukweli, na la tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi si mtu wa kompyuta. Nimetengeneza injini za malori na mabasi kwa miaka 31, na sasa nimestaafu kwa sababu magoti yamekataa kuinama chini ya gari. Lakini naishi nyumba moja na mjukuu wangu wa kike, ana miaka 16, mwenye laptopu ya michezo na mchezo wa mbio za magari ambao, nikiri tu, siku hizi naucheza kuliko yeye. Haya ninayoyaandika nimeyapima mwenyewe na kuyaandika kwenye daftari lile lile nililokuwa nikiandikia hesabu za oili.

Siku niliyoingia kwenye jambo hili alikuwa katika mbio za usiku, mvua inanyesha. Mvua ya mchezoni ni kazi nzito kwa mashine: kila dimbwi linarudisha taa za magari, kila tone la kwenye kioo linachorwa upya mara nyingi kwa sekunde. Dakika kumi za mwanzo picha ilitiririka vizuri. Ilipofika kama ya 12 hivi, gari lake likaanza kwenda kwa kukatakata, feni zikavuma hadi nikashindwa kusikia redio, naye akageuka akaniambia, "Babu, njoo uone, inachemsha." Sijui kama alijua ametumia neno la gereji. Niliweka kiganja juu ya kibodi, upande wa karibu na skrini, nikakiondoa upesi.

Kumbe alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mmoja wa kompyuta, akaambiwa bodi inakufa, atafute nyingine. Nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza dereva yeyote: geji inasema nini? Akaniambia laptopu haina geji.

Geji ipo, ila mtu lazima aifunge mwenyewe. Kuna programu ya bure iitwayo HWiNFO inayosoma vipimo vyote vya joto vilivyomo ndani ya mashine, na nyingine iitwayo MSI Afterburner inayoweza kuonyesha namba hizo kwenye kona ya skrini huku mchezo ukiendelea. Tukazifunga, tukarudi kwenye mvua ile ile, yeye usukani, mimi daftari. Dakika ya 3 prosesa, ile chipu kuu inayopiga hesabu za mashine, ilikuwa nyuzi 88 za Selsiasi. Dakika ya 8, nyuzi 95. Dakika ya 12, nyuzi 97, na hapo hapo kasi ya prosesa ikaporomoka kutoka gigahezi 4 hadi 2 na kidogo, fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zikaanguka hadi 24.

Nilicheka. Malori ya siku hizi yana kompyuta ya injini, na maji yakizidi joto, kompyuta hiyo hainyamazi ikasubiri gasketi iungue. Inapunguza nguvu yenyewe. Dereva anakanyaga mafuta, lori linapanda mlima kama limefungwa kamba. Madereva wengi wameniletea gari la namna hiyo wakidai injini imekufa, kumbe injini inajiokoa. Laptopu hufanya vivyo hivyo. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo karibu na nyuzi 100, nyingine 95, nyingine 105. Chipu ya michoro, ile inayochora picha za mchezo, mara nyingi huanza kujizuia ikikaribia 87. Zikifika hapo zinapunguza kasi. Zikiendelea kupanda licha ya hilo, mashine inajizima yenyewe. Kukatakata kwa picha hakukuwa bodi kufa. Ilikuwa bodi inajitetea.

Kwa hiyo msomaji akiona 85 kwenye geji yake asikimbilie mtungi wa maji. Laptopu ya michezo ikiwa kazini, nyuzi 80 na kitu ni hali yake ya kawaida, kama injini ya dizeli inavyotembea siku nzima na maji ya nyuzi 90. Kinachonipa wasiwasi ni mambo mawili: namba iliyoganda kwenye kikomo muda wote wa mchezo, na namba iliyokuwa 82 mwaka jana kwenye mchezo ule ule, sasa ni 95. Hilo la pili ndilo watu hawalioni, kwa sababu hawakuandika ya mwaka jana.

Sasa joto lenyewe linatoka wapi? Hapa ndipo makala yenu ilipopita haraka mno. Katika mbio zile za mvua, prosesa ilikuwa ikila wati 45 na chipu ya michoro wati 80. Jumla 125. Injini ya gari ikila mafuta, sehemu ya nguvu hiyo inafika kwenye magurudumu na inayobaki inatoka kwa rejeta na ekzosi. Laptopu haina gurudumu la kuzungusha. Umeme unaoingia kwenye chipu zake, karibu wote unageuka joto. Ni kama umefungia balbu mbili za kizamani za wati 60 ndani ya kitabu, kisha unashangaa jalada limepata moto. Joto hilo halizuiliki kwa kuombwa; ama litafutiwa njia ya kutoka, ama lipunguzwe kule linakozaliwa.

Njia ya kutoka tuliikagua kwanza, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Tulizima, tukachomoa chaja, tukafungua mfuniko wa chini, tukachomoa na waya wa betri kabla ya kugusa chochote. Ndani nilikuta kitu kilichonifurahisha kama mtoto: mabomba bapa ya shaba yanayotoka juu ya chipu kwenda kwenye mapezi membamba pembeni, na feni mbili zinazopuliza kupitia mapezi hayo. Rejeta kabisa! Ila rejeta hii haina pampu. Ndani ya bomba mna maji kidogo sana katika nafasi iliyoondolewa hewa, kwa hiyo yanachemka kwa joto dogo kuliko kawaida. Yakichemka upande wa chipu, mvuke unakimbilia upande wa mapezi, unapoa, unakuwa maji tena, na maji yanarudi kwa kunyonywa na utando wa ndani kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Kifaa hicho alikiendeleza mwanafizikia George Grover kule Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, akiwa na mambo ya vyombo vya angani kichwani. Nimekaa na rejeta maisha yangu yote na sikuwahi kusikia habari zake mpaka magoti yaliponirudisha nyumbani.

Uzuri wa mabomba hayo una kasoro moja ambayo mwenye laptopu aijue. Katika nyingi, prosesa na chipu ya michoro zinatumia mabomba yale yale. Mmoja akichemka anampasha mwenzake. Ukipunguza moto wa prosesa, chipu ya michoro nayo inapata nafuu bila kuguswa.

Tatizo letu lilikuwa kati ya feni na mapezi. Ukichungulia kwa nje, kupitia matundu, palionekana safi. Lakini ndani vumbi lilikuwa limejipanga likawa zulia, zito, la kijivu, limeziba mapezi upande mmoja mzima. Feni zilikuwa zinapuliza ukuta. Nilimwonyesha mjukuu wangu nikamwambia ndiyo bodi yake iliyokufa hiyo. Tuliliondoa kwa brashi laini na kwa hewa ya kopo, na hapa nitoe onyo moja: ukipuliza hewa, ishike feni kwa kidole au kijiti cha mbao isizunguke. Ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kupita kasi iliyotengenezewa ikaharibu beringi, na injini ndogo ya feni ikizungushwa hivyo hugeuka jenereta na kurudisha umeme usiotakiwa kwenye bodi. Na msitumie mashine ya kufyonza vumbi. Hutengeneza umeme tuli.

Tulipofunga na kurudi kwenye mvua, dakika ya 12 ilikuwa nyuzi 91. Kukatakata kulikwisha.

Mwezi uliofuata tulibadilisha ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya chipu na shaba, ambayo mafundi huiita pesti. Kazi yake ni kujaza vinyweleo vya hewa kati ya vyuma viwili, kama tunavyopaka siliko pale ambapo gasketi haikai sawa. Hukauka na kusukumwa pembeni kwa miaka ya kupata moto na kupoa. Yetu ilikuwa kama udongo wa dirishani. Baada ya kubadilisha tulipata nyuzi 88. Tatu tu, lakini tatu za kudumu. Atakayejaribu asipake nyingi kama siagi, na asishawishike na ile ya metali ya majimaji aliyoona kwenye video. Ile imetengenezwa kwa metali iitwayo gali, nayo hula alumini na hupitisha umeme. Tone moja likianguka pabaya ndipo bodi itakapokufa kweli. Kama mkono wako si mwepesi, mpe mwenye mkono mwepesi, ila mwambie unataka nini, asije akakuambia bodi inakufa.

Nilidhani tumemaliza. Kazi ya rejeta ilikuwa imekwisha na nilijipongeza. Lakini jioni moja mjukuu wangu alisimamisha mbio akaenda kuoga, laptopu ikabaki kwenye menyu ya mchezo: gari limesimama, hakuna kinachosogea isipokuwa bendera pembeni. Na feni zilikuwa zinalia kuliko wakati wa mvua. Nikatazama kona ya skrini. Fremu 310 kwa sekunde.

Mhariri, fikiria dereva ameegesha gari, ameweka gia huru, halafu ameweka tofali juu ya pedali ya mafuta akaenda zake. Ndicho kilichokuwa kinatokea. Skrini ya mjukuu wangu inaonyesha picha 144 kwa sekunde, basi. Fremu zote zilizozidi hapo zilikuwa zinachorwa na kutupwa, na kila moja imelipiwa kwa umeme na joto. Na si jambo jipya. Mwaka 2010 mchezo wa StarCraft II ulipotoka, wachezaji walilalamika kwamba kompyuta zao zinapata moto wakiwa kwenye menyu tu, na kampuni ya Blizzard ikawaeleza waongeze mistari miwili kwenye faili la mipangilio ili fremu zisizidi 60 mchezoni na 30 kwenye menyu. Mistari miwili ya maandishi, bila bisibisi.

Tuliingia kwenye mipangilio ya mchezo tukaweka kikomo cha fremu 60. Mjukuu wangu alipinga; alisema 144 inaonekana laini zaidi, na macho yake machanga naamini yanaona tofauti. Nikamwambia tujaribu kwanza. Dakika ya 12 ya mvua: nyuzi 79. Kutoka 88! Nyuzi tisa zimeondoka kwa kubonyeza kipanya mara mbili, wakati bisibisi, brashi na pesti vilinipa tisa hizo hizo kwa siku mbili za kazi. Baadaye tulikubaliana fremu 75, kati ya macho yake na daftari langu, na imebaki hapo.

Ndiyo maana nasema ushauri wa stendi ni nusu ya ukweli. Makala nzima ilihusu kulifukuza joto, na hakuna aya hata moja iliyohusu kutolizalisha. Gerejini tungemcheka fundi anayeongeza feni ya pili kwenye rejeta wakati breki zimekamata na gari linaburuza matairi. Kwenye mchezo wowote mzito kuna mambo machache yanayokula wati nyingi kuliko yanavyopendeza: vivuli vilivyowekwa juu kabisa, miale ya mwanga inayofuatiliwa moja moja ili madimbwi yang'ae, na picha kuchorwa kwa ukubwa wote wa skrini. Shusha vivuli hatua moja. Ukiwa kwenye kona kwa kasi huwezi kuona tofauti. Teknolojia za kukuza picha, DLSS kwa chipu za michoro za NVIDIA zinazoiweza au FSR ya AMD, huichora ndogo kisha kuikuza, na chipu inapumua. Angalizo: ukiziwasha bila kikomo cha fremu, mashine itatumia nafasi hiyo kuchora fremu nyingi zaidi na joto litabaki pale pale. Hili lilitupata.

Kuna kingine ambacho mjukuu wangu alikipata mwenyewe, nami nikakielewa kwa hesabu. Prosesa huwa na kasi ya kawaida na kasi ya kujikaza, na ili ijikaze inadai volti za juu. Sasa, nguvu inayoliwa na chipu hupanda kwa volti mara volti, mara kasi. Maana yake ukishusha volti kwa asilimia 10 tu, huokoi asilimia 10. Unabaki na 0.9 mara 0.9, yaani 0.81, umeokoa karibu moja ya tano hata kabla ya kugusa kasi. Kwenye Windows, ndani ya mipangilio ya umeme, kuna mahali pa kiwango cha juu cha prosesa, kimeandikwa asilimia 100. Kiweke 99. Inaonekana kama mzaha, lakini kwenye mashine nyingi asilimia hiyo moja ndiyo inayozima kule kujikaza. Yetu ilishuka hadi nyuzi 72, na mchezo ukapoteza fremu chache mno, kwa kuwa mchezo ule mzigo wake mkubwa uko kwenye chipu ya michoro. Mchezo unaoegemea prosesa, kama ile ya kujenga miji yenye maelfu ya watu, utaumia zaidi. Unapima, unaamua. Wapo pia wanaoshusha volti moja kwa moja kwa programu maalumu. Sisi tulishindwa, mlango umefungwa: Desemba 2019 watafiti walionyesha shambulio waliloliita Plundervolt, linaloiba siri za prosesa za Intel kwa kuchezea volti zake, na tangu hapo watengenezaji wengi wa laptopu wameufunga mpangilio huo kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine. Mwizi kaingia jirani, sote tukawekewa nondo.

Tukirudi kwenye stendi. Siipingi. Tuliazima moja tukaipima. Tatizo la laptopu nyingi ni kwamba hewa inaingia kwa chini, na miguu yake ya mpira ina urefu wa punje ya mahindi. Tuliinua nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa: nyuzi 4 zikashuka. Tukaiweka juu ya stendi yenye feni tano na taa za rangi: nyuzi 6. Feni tano na taa zote zile zimeshinda vifuniko vya chupa kwa nyuzi mbili. Kwa laptopu ambayo matundu ya chini hayalingani na feni za stendi, hata hizo mbili huenda zisionekane. Anayeitaka ainunue, ila aanze na vifuniko.

Na joto la chumba likumbukwe. Chumba kikipanda nyuzi tano, chipu nayo hupanda karibu tano, kwa kuwa hewa inayoingia ndiyo inayobeba mzigo. Namba zangu zote nimezipima usiku, dirisha wazi. Adhuhuri zisingekuwa hizi.

Lipo jambo ambalo nilitegemea kulikuta kwenye makala na sikulikuta. Kiswahili sanifu kinaiita mashine hii kompyuta mpakato, na jina hilo linatudanganya, kwani kinachopakatwa ni mtoto. Laptopu ya michezo ikiwa kazini haipakatwi. Kwanza mapaja na mablanketi yanaziba yale matundu ya chini. Jaribu kuicheza juu ya mto wa kulalia utaona geji inavyopaa. Pili, ngozi yenyewe. Mwaka 2010 madaktari wa Uswisi waliandika katika jarida la Pediatrics habari za mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akicheza michezo saa kadhaa kila siku, laptopu ikiwa mapajani, kwa miezi. Ngozi ya paja lake la kushoto ilibadilika rangi ikawa na madoadoa kama wavu, upande ule ule ambao mashine ilikuwa na joto zaidi. Kitu cha kuogopesha ni kwamba joto la namna hiyo haliumi. Nyuzi 44 zikigusa ngozi dakika chache utaziona za kupendeza wakati wa baridi. Zikikaa saa sita zinaunguza. Mjukuu wangu alikuwa na tabia hiyo hiyo kitandani. Nilimsomea habari ya yule mvulana mara moja tu, meza ikapata kazi.

Betri nayo inateseka kimya. Betri ya lithiamu huzeeka upesi ikikaa kwenye joto huku imejaa, na laptopu ya michezo iliyochomekwa kwenye chaja siku nzima inapata yote mawili. Watengenezaji wengi wameweka mpangilio wa kuizuia isijae kupita asilimia 80, uwasheni. Na siku padi ya kugusia ikianza kuinuka au mfuniko wa chini ukaanza kutokaa sawa mezani, acheni mchezo, zimeni, msichomeke tena. Betri imevimba. Haitobolewi, haikandamizwi irudi, haichajiwi "mara ya mwisho". Inapelekwa kwa anayejua kuitoa.

Kuhusu kupiga marufuku, nitasema machache, kwa sababu mama yake mjukuu wangu alikata kipande cha makala yenu akakibandika mlangoni. Chipu haijui kama inachora gari la mbio au inatengeneza video ya harusi. Anayehariri filamu au kuchora nyumba kwa vipimo vitatu anaipa mashine wati zile zile, na hakuna aliyemwambia aache. Mnaweza kumnyima mtoto mchezo kwa ajili ya masomo au usingizi, hayo ni ya mzazi. Msiisingizie laptopu.

Sasa jokofu. Ukitoa chupa baridi ukaiweka mezani, nje yake inatoka jasho. Hayo maji hayatoki ndani ya chupa, yanatoka hewani. Laptopu iliyokaa jokofuni ikitolewa itafanya hivyo hivyo, isipokuwa sehemu ya jasho hilo itatanda kwa ndani, juu ya bodi, kwenye miguu ya chipu, nawe unaiwasha mara moja kwa sababu ndicho ulichoiwekea mle. Sijui kama mwandishi aliwahi kujaribu. Natumaini hakujaribu.

Na hata kama isingetoa jasho, faida yake ni nini? Nilipiga hesabu. Laptopu ya kilo mbili na nusu, plastiki, alumini na shaba, ikipozwa nyuzi 20 na ikapozwa yote mpaka moyoni, jambo ambalo dakika 10 hazitoshi, imeweka akiba ya takriban kilojuli 40. Mchezo unatoa wati 125, yaani juli 125 kila sekunde. Gawanya. Ni sekunde 320. Umehatarisha mashine nzima kwa ajili ya dakika tano na kidogo za baridi, halafu unarudi ulikokuwa, vumbi likiwa bado limekaa kwenye mapezi yake.

Ombi langu ni dogo. Naomba aya ile ya jokofu isahihishwe kwenye ukurasa ule ule ilikotokea, kwa herufi za ukubwa ule ule, kabla msomaji mwingine hajapanga laptopu yake kati ya maziwa na mayai. Mengine mkiyaacha sitawalaumu. Kipande cha mlangoni bado kipo, na kila nikipita mjukuu wangu ananiuliza kama barua imeshakwenda.

Wako,
Fundi magari mstaafu